Umeme Ukirudi Saa Nane za Usiku

*Hotuba kwa mafundi umeme, vijana na wenye nyumba, Walukuba, Jinja. Nimeiandika upya kutoka kwenye karatasi zangu, na mizaha nimeiacha kama ilivyotoka mdomoni.*

Wazee wangu, akina mama, mafundi wenzangu, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kana kwamba viti vina siafu: hamjambo?

Nimeombwa niseme Kiswahili, na sikuhitaji kuombwa mara mbili. Mimi ni mtoto wa hapa. Katika nyumba hizi za mstari tulikolelewa, jirani wa kulia alikuwa Mwacholi, wa kushoto Mgisu, wa mbele Mluo, baba zetu wote wakitoka kazini jioni, na sisi tukigombania mpira tuligombana kwa Kiswahili. Watu wa Kampala wakituambia hii ni lugha ya askari na wezi, tunawajibu kwamba sisi tuliitumia kukopa chumvi.

Halafu kuna neno lenyewe la leo. Kwa miaka 20, hapa Uganda, Umeme lilikuwa jina la kampuni iliyotusambazia umeme. Mtoto akipiga kelele nje "Umeme wamekuja!" ulikuwa hujui kama taa zimewaka au kuna watu wenye ngazi getini. Mkataba wa kampuni ile uliisha tarehe 31 Machi 2025, UEDCL, kampuni ya serikali, wakapokea nguzo na nyaya, na neno tukarudishiwa. Kwa hiyo leo nikisema umeme, nasema umeme.

Nimeitwa nieleze jinsi mtu anavyoanza kuifanya nyumba yake kuwa nyumba janja: taa, pampu, soketi na vihisi vikiunganishwa kwenye mfumo mmoja unaoviongoza. Nitaanza na aibu yangu.

Nilipoanza mambo haya nilinunua balbu janja nne. Moja sebuleni, moja barazani, mbili vyumbani. Nikaziunganisha na simu, nikazipangia zizimike zenyewe saa nne usiku, nikajiona mhandisi. Wiki ile ile mama yangu mzazi akaja kutoka kijijini, tukampa chumba cha mbele. Usiku umeme ukakatika mapema, tukalala gizani kama kawaida. Saa nane za usiku ukarudi. Balbu zote nne zikawaka kwa nguvu zake zote, nyeupe kama chumba cha upasuaji. Mama akashtuka, akaona mwanga barazani, akajua wezi wameingia, akapiga yowe. Ninyi mnalijua yowe la mama wa Kisoga. Jirani alifika na panga, mwingine na mwiko wa posho, na mimi nilitoka na taulo nikijaribu kuwaeleza watu waliokasirika kwamba hakuna mwizi, ni balbu tu imefurahi.

Sasa sikilizeni kwa nini ilifurahi, maana hapo ndipo somo lote lilipo. Balbu ile haikuharibika. Imetengenezwa hivyo makusudi. Kule ilikotengenezwa umeme haukatiki hovyo. Balbu ikikosa umeme kisha ikapata, maana yake mtu amebonyeza swichi ya ukutani, na mtu aliyebonyeza swichi anataka mwanga. Kwa hiyo ikipata umeme, inawaka. Ni busara kabisa, ila ni busara ya nyumba nyingine.

Na si balbu peke yake. Programu ninayoitumia mimi, na ambayo nitawashauri muanze nayo, inaitwa Home Assistant. Ni programu huria, haina ada, na ilianzishwa mwaka 2013 na Mholanzi mmoja, Paulus Schoutsen. Jambo la kwanza alilolitaka lilikuwa taa zake ziwake jua likizama. Kwao lina maana: wakati wa baridi jua linazama saa kumi na nusu jioni, wakati wa kiangazi linakaribia saa nne usiku, na taa iliyopangiwa saa ile ile kila siku haiwezi kulifuata. Sisi hapa tumekaa pembeni mwa ikweta. Jua letu linazama karibu saa moja jioni, Januari hadi Desemba, likichelewa au kuwahi kwa kama nusu saa. Kuku anajua. Hatuhitaji kompyuta ya kutuambia magharibi imeingia.

Tukio kubwa katika nyumba zetu ni lile lingine, la umeme kuondoka na umeme kurudi. Nasema haya nikiwa nimesimama mwendo mfupi tu kutoka bwawa la Nalubaale, lile tuliloliita Owen Falls, lililozinduliwa mwaka 1954. Na Karuma imeshazinduliwa, megawati 600, Septemba 2024. Maji yanazungusha mitambo, lakini kati ya mtambo na kitanda chako kuna nguzo, na nguzo ina mti ulioegemea. Basi ukitaka kuanza nyumba janja hapa, swali la kwanza kwa kila kifaa, kabla ya bei, kabla ya rangi, ni hili: umeme ukirudi, wewe utafanya nini?

Tuje kwenye kuanza kwenyewe.

Vijana wengi huanza dukani. Anaona taa ya rangi saba, ananunua, anapiga picha, baada ya mwezi imekuwa balbu ya kawaida iliyonunuliwa kwa bei mbaya. Mimi nawaambia muanze na kero. Kaa na watu wa nyumbani, waulize ni kitu gani kinawachosha. Kwangu jibu lilikuwa maji. Tuna tanki la chini linalojaa presha ya bomba ikija, na pampu ya kupandisha maji hadi tanki la juu. Kila siku palikuwa na ugomvi: nani alisahau kuwasha, nani aliwasha akaenda sokoni, maji yakamwagika ukutani mpaka rangi ikabambuka. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya nyumba janja yangu. Taa zilikuja baadaye sana, na mama alipewa taarifa.

Ukishaijua kero, unatafuta ubongo, yaani kompyuta ya kuviongoza vifaa. Vifaa vingi vya bei rahisi vikitoka dukani vinakuja na ubongo uliokaa mbali. Unabonyeza simu hapa Walukuba, amri inakwenda hadi seva ya kampuni ng'ambo, inarudi hapa, swichi inasema "tik." Bando likiisha, swichi iliyo mita tatu kutoka kwako haikujui. Na kampuni nayo ni binadamu, inaweza kuchoka. Mwaka 2016 huko Marekani watu waliokuwa na kifaa cha kuongozea nyumba janja kiitwacho Revolv, kilichouzwa dola 300, waliambiwa seva zinazimwa, na zikazimwa. Kifaa hakikuungua wala hakikuanguka. Kilibaki pambo la kabati.

Ndiyo maana nasema ubongo ukae nyumbani kwako. Watu wengi huweka Home Assistant kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, na inafanya kazi vizuri. Mimi nilianza nayo. Lakini ile inayotumia kadi ya kumbukumbu, umeme ukikatika katikati ya kuandika, kadi inaweza kuvurugika, na asubuhi unaanza upya kama hukuwa na nakala. Tena aina nyingi za zamani hazina saa yenye betri. Umeme ukirudi na intaneti haijarudi, kompyuta haijui ni saa ngapi, na amri zake za saa zinapotea njia.

Ushauri wangu kwa mtu wa Jinja: tafuta laptopu ya zamani. Ile yenye kioo kilichopasuka, kibodi iliyokosa herufi mbili, mtu anakuuzia kwa bei ya bure. Laptopu ina betri ndani, umeme ukikatika haijali. Ina saa yake. Ina diski ambayo haitishiki haraka kama kadi. Angalia tu betri isiwe imevimba. Ikiwa imevimba, itoe, usibahatishe, huo ni moto unaosubiri. Ipange isilale ukifunga kifuniko. Iweke juu ya kabati, mbali na watoto, mahali penye hewa. Rauta nayo inunulie kibetri chake kidogo cha volti 12, maana ubongo bila rauta ni mzee mwenye hekima aliyefungiwa chumbani.

Baada ya kuweka programu, unafungua kivinjari kwenye simu iliyo kwenye waifai ile ile, unaandika homeassistant.local:8123, na ukurasa unafunguka unakuuliza jina. Mara nyingi itakuwa tayari imeona vitu ulivyonavyo, televisheni, printa, na itakuuliza kama unataka kuviingiza. Usikubali vyote. Ingiza kimoja, kipe jina ambalo mtu wa nyumbani angelitumia. Usiache "swichi_0x4f2". Andika "pampu ya maji." Siku utakapougua, anayekusaidia atakushukuru.

Namna vifaa vinavyozungumza na ubongo nitaipita kwa haraka, kuna mambo mawili tu ya kushika. Vifaa vya waifai ndivyo rahisi kupata. Vingi vinasikia masafa ya gigahezi 2.4 peke yake, na simu yako labda imeunganishwa kwenye yale ya 5, ndiyo maana unakaa nusu saa unabonyeza na hakionekani. Tenganisha majina ya mitandao miwili kwenye rauta, ingiza simu kwenye ile ya 2.4, jaribu tena. Na siku ukibadilisha rauta, ipe mpya jina lile lile na neno la siri lile lile la zamani, vifaa vyote vitarudi vyenyewe. Nimemwona mtu amepanda ngazi Jumapili nzima kwa kutolijua hilo.

La pili ni Zigbee, mtandao wa redio wa vifaa vidogo, mbali na waifai. Hiyo unanunua kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye USB, na vifaa vyake vinapokezana ujumbe kama vijana wanaorushiana matofali kwenye mjengo: taa inampa soketi, soketi inampa ubongo. Vihisi vyake vinakula betri kidogo sana, vinaweza kukaa mwaka na zaidi. Ila kumbuka, kifaa cha betri hakirushi tofali la mwenzake, muda mwingi kimelala. Wanaorusha ni wale wenye umeme wa ukutani. Mtu akizima balbu kwa swichi, amemtoa kijana mmoja kwenye mstari na tofali linaanguka. Kipokezi chenyewe kivute kwa waya wa USB wa kama mita moja, kisikae kimebanwa ubavuni mwa kompyuta, maana kompyuta yenyewe ina kelele ya redio. Mkiona boksi lina alama ya Matter, kiwango cha pamoja cha vifaa janja kilichotoka Oktoba 2022, ni dalili njema ya kwamba kifaa kinaweza kuongozwa bila seva ya ng'ambo. Msikihangaikie lakini.

Sasa mafundi wenzangu, tusogee karibu, hapa ndipo mkate wetu ulipo.

Kuna ndugu waliokwenda kyeyo, kutafuta kazi ng'ambo, wanaotupenda sana. Mpwa wangu yuko Boston. Alituma soketi janja mbili kwa mtu aliyekuwa anakuja, zimefungwa ndani ya soksi. Nikazikuta zimeandikwa volti 120 kwa maandishi ya sisimizi. Nilizisoma baada ya kuichomeka ya kwanza. Ilisema "pa," ikatoa moshi mwembamba na harufu ya samaki, ikamaliza. Sisi ni volti 240, plagi ya pini tatu bapa. Kitu kilichotengenezwa kwa Marekani kisome mgongoni kwanza. Vifaa vya kwao vya Z-Wave, mtandao mwingine wa redio kama Zigbee, hata ukivipatia umeme unaofaa vinatumia masafa ya megahezi 908, na vya Ulaya 868. Havitasalimiana hata ukivikalisha meza moja. Mwambieni mpwa atume pesa.

Ukutani nako kuna mtego. Swichi nyingi janja zinataka waya wa nyutro, ule wa kurudishia umeme, kwa sababu zenyewe zinakula umeme kidogo muda wote. Fungua boksi la swichi ya nyumba zetu: utakuta waya mbili tu, laivu, yaani waya wenye umeme, inayoingia na laivu inayokwenda kwenye taa. Nyutro haipo. Kijana anaona, anakwenda kuazima nyutro kwenye soketi ya chumba cha pili, au mbaya zaidi anatumia eathi, waya wa usalama unaokwenda ardhini. Nakuomba kwa heshima ya mama yako, usiguse eathi. Inua macho. Katika nyumba zilizovutwa nyaya kwa ule mtindo wa Kiingereza wa kupitishia darini, pale juu ya taa laivu ya kudumu ipo, nyutro ipo, na waya mbili za swichi zimefika. Weka rele ndogo janja, swichi inayoendeshwa kwa umeme, pale juu. Ipe laivu na nyutro ya kudumu, na zile waya za swichi zigeuke kuwa za kuiambia rele tu, "mtu amebonyeza." Swichi ya ukutani inabaki pale pale, nyeupe, ya zamani, na inafanya kazi hata laptopu ikiibwa.

Hili la swichi silegezi. Mama mmoja aliniuliza mlangoni, kabla hatujaanza: "Mwanangu, mgeni akija kwangu itabidi aombe ruhusa kwa simu ili aende msalani?" Hapana, mama. Nyumba ambayo mgeni hawezi kuwasha taa kwa kidole chake, mimi sitaifunga, hata mwenye nyumba akilipa.

Tumerudi kwenye pampu. Pampu ya nguvu farasi moja ni kama wati 750, na mtu anayehesabu kwa karatasi ataona ampia tatu na kitu, akasema rele ya ampia 10 inatosha na inabaki. Haitoshi. Mota ikianza kuzunguka inavuta mara kadhaa ya hizo, kwa muda mfupi sana, na kila siku meno ya rele yanaungua kidogo kidogo mpaka siku moja yanashikana. Simu inakwambia pampu imezimwa, nawe unasikia pampu inanguruma. Kwa hiyo rele janja iachie kazi ndogo: ivute koili ya kontakta, rele kubwa ya kubeba mota, na kontakta ndiyo ibebe pampu, ndani ya boksi lenye breka yake. Boya la zamani ndani ya tanki, lile linalokata maji yakijaa, usilitoe. Halijui intaneti, halina neno la siri, na limeniokoa mara mbili.

Kiasi cha maji nilikipima kwa kihisi cha sauti kinachotazama maji kutoka juu ya tanki: kinatuma sauti, kinasubiri irudi, kinahesabu umbali. Cha kwanza kilikuwa cha bei rahisi, cha wazi, kikaliwa na mvuke ndani ya mwezi. Nunueni kile kisichoingia maji. Nyuma yake kuna saketi ya ESP32 isiyozidi kiberiti, yenye programu ya ESPHome, inayozungumza na ubongo moja kwa moja bila kupitia kwa mtu.

Na amri yenyewe nawasomea kama ilivyo kwangu, kwa Kiswahili. Tanki la juu likishuka chini ya robo, na tanki la chini likiwa na maji, na umeme ukiwa umekaa dakika tano mfululizo bila kukatika, washa pampu. Tanki likijaa, zima. Dakika 40 zikipita na halijajaa, zima, unitumie ujumbe, maana kuna bomba limepasuka au pampu inakunywa hewa.

Zile dakika tano mmezisikia? Umeme ukirudi haurudi kwa adabu. Unakuja, unaondoka, unakuja tena, na mtaa mzima friji na pampu zinaamka kwa pamoja na volti inayumba. Mota inayoamshwa mara tatu kwa dakika moja haifiki uzeeni. Kwangu, umeme ukirudi, friji inasubiri dakika tatu, pampu tano, na pasi ya umeme haiwaki kabisa mpaka mtu aende kuibonyeza mwenyewe, maana siku moja ilikuwa imeachwa juu ya shati. Kwenye kila kifaa tafuta sehemu ya mipangilio inayosema kiwe katika hali gani umeme ukirudi. Kuna kuwaka, kuzima, na kurudi kilivyokuwa. Taa za ndani mimi nimeweka kuzima. Kama kifaa hakina mpangilio huo, kirudishe dukani.

Kosa moja zaidi nililofanyiwa na kijana wangu wa kazi, ambaye yupo humu ndani na ameniruhusu nimseme. Nilimwambia apange pampu ianze saa tatu asubuhi. Akaandika 3:00. Mnacheka, lakini nani humu angeandika tofauti? Saa tatu ni tatu. Kompyuta inahesabu tangu usiku wa manane, haikulelewa na bibi yangu. Pampu ikanguruma saa tisa usiku, nje ya dirisha la mpangaji mwenye mtoto mchanga. Andikeni 09:00, na karatasi ya saa zetu na saa zake muibandike kwenye kifuniko cha laptopu.

Radi. Tumekaa kando ya ziwa lenye radi kama maeneo machache sana Afrika, na vifaa hivi vina moyo mdogo. Eathi ya nyumba ipimwe kweli, na kizuia mruko wa volti kiwekwe kwenye boksi kuu. Mteja akisema ataweka mwakani, mwambie vifaa navyo atanunua mwakani.

Usalama wa mtandao nao mfupi. Mwaka 2016 kirusi kiitwacho Mirai kiliteka kamera na rauta nyingi duniani kwa kujaribu orodha ya majina na maneno ya siri yapatayo 60 tu, yale ya kutoka kiwandani, admin na admin. Badilisheni siku ya kwanza. Usifungue mlango wa rauta ili uione nyumba ukiwa Kampala. Tumia njia iliyofungwa, ya VPN au ile ya kulipia ya Home Assistant wenyewe. Na anayefunga kamera aielekeze geti lake. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na hata isingekuwepo, ua wa jirani anakofulia nguo si mahali pa jicho lako.

Mzee pale mbele ameuliza kuhusu Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, kama mfumo unaweza kuisoma mita. Ndani ya mita usiingie, mzee, lakiri ile ukiivunja utajibu. Lakini mita nyingi zina kitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni pameandikwa kinapepesa mara ngapi kwa yuniti moja. Kihisi cha mwanga kikibandikwa mbele yake kwa nje kinahesabu, na ubongo unakwambia jana umekula yuniti ngapi. Nilipofanya hivyo kwangu nikagundua birika la umeme la kijana wa chuo aliyepanga chumba cha uani. Tulizungumza vizuri, kwa chai yake.

Sasa muone kwa macho. Juu ya meza hii kuna laptopu ya zamani, rauta na kibetri chake, balbu moja ile ile iliyomfanya mama apige yowe, na feni badala ya pampu. Balbu nimeiwasha. Feni inazunguka. Intaneti nimeichomoa tangu tulipoanza, hamkujua. Kijana uliye karibu na boksi kuu, ndiyo wewe mwenye kofia, zima umeme wa ukumbi. Msiogope, ni mchana.

Laptopu iko hai, mnaona kioo. Rauta inapepesa. Haya, washa. Zima tena, tuige umeme wetu. Washa. Tulieni, hesabuni na mimi.

Taa za ukumbi zimewaka. Balbu yangu?

Giza. Na feni ina dakika tano, kwa hiyo mnaweza kuuliza maswali.